Boti Huanza na Mzigo

Popote unaponisikia asubuhi hii, iwe unachemsha chai, iwe unafungua duka, iwe uko barabarani na redio umeifunga kwenye usukani wa baiskeli, karibu tuzungumze. Nakuletea mazungumzo haya kutoka Mtendeni, hapa Tabora, na leo nataka tuongee juu ya boti ya mashine. Swali letu ni hili: familia inayonunua boti yake ya kwanza ichukue ya ukubwa gani?

Najua kuna atakayeuliza, Tabora na boti wapi na wapi? Maji yetu ya karibu ni bwawa la Igombe, na hilo ni la kunywa. Lakini sisi tuko katikati ya njia iendayo ziwani, ile ile iliyopitwa na misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Reli ilipofika hapa mwaka 1912 na kuingia Kigoma mwaka 1914, boti nazo zilianza kupita hapa ndani ya mabehewa. Meli tunayoijua kwa jina la Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande na kufungwa katika masanduku yapatayo 5,000. Ilisafiri baharini hadi Dar es Salaam, ikapakiwa kwenye treni, ikapita hapa kwetu, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Kwa hiyo usishangae mtu wa Mtendeni akizungumzia boti.

Tena swali hili limenijia barazani kwangu. Nina jirani, mwalimu aliyestaafu majuzi na kupata kiinua mgongo chake. Mkewe ni mtu wa kule ziwani, kutoka kijiji kimoja kilicho mbele ya hifadhi ya Gombe, mahali ambapo njia ya kawaida ya kwenda kwao ni maji. Kwa miaka yote ya ndoa yao, safari ya ukweni imekuwa ni treni hadi Kigoma, kisha kuteremka mwaloni Kibirizi na kupanda boti ya abiria. Sasa wanataka kuhamia huko, na Mwalimu anataka boti yake mwenyewe.

Alikuja jioni, akakaa, akasema, "Jirani, nimepigiwa simu. Kuna boti mbili zinauzwa Kigoma. Moja ya futi 14, nyingine ya futi 23. Ile ndogo bei yake naiweza. Ile kubwa moyo wangu unaipenda. Wewe unasemaje?"

Nikamjibu, "Mwalimu, kabla hujanitajia urefu, nitajie mzigo."

Ndugu msikilizaji, hilo ndilo neno langu la leo. Boti haianzi na urefu. Haianzi na rangi, wala mashine, wala sifa utakazozipata ufukweni siku ya kwanza. Boti huanza na mzigo, na mzigo wenyewe ni watu wako.

Sisi watu wa Unyamwezi hatukuzaliwa majini, lakini mzigo tunaujua. Babu zetu walikuwa wapagazi wa njia nzima. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na ushee. Mpagazi hakuuliza kitambaa kilichomo ni cha rangi gani. Aliuinua, akauweka begani, akaupima kwa bega lake. Mzigo uliozidi uligawanywa hapo hapo kambini kabla ya safari, kwa sababu kuupunguza njiani ni kuchelewa.

Na historia ya boti katika nchi hii inatufundisha jambo hilo hilo. Wapelelezi Burton na Speke walipokuja kulitafuta Ziwa Tanganyika mwaka 1857, walikuwa na boti yao ya chuma iliyoundwa kwa vipande ili ibebwe na watu. Waliitumia pwani, lakini ulipofika wakati wa kuingia bara wapagazi hawakutosha, boti ikabaki. Wakapita hapa Tabora, siku hizo wenyewe wakipaita Kazeh, wakafika Ujiji Februari 1858 bila chombo. Speke ikambidi avuke ziwa kwa mtumbwi kwenda kuomba kukodi jahazi la mfanyabiashara mmoja Mwarabu, akarudi mikono mitupu. Mwisho walikodi mitumbwi ya wenyeji. Boti nzuri iliyoachwa pwani haikuwasaidia kitu ziwani.

Stanley naye, mwaka 1874, aliagiza boti Uingereza, akaiita Lady Alice. Ilikuwa ya futi 40 kwa futi 6, imegawanywa vipande vitano. Ilipofika Zanzibar vipande vikapimwa, vikaonekana vizito mno kwa bega la mtu. Ikabidi fundi avikate tena viwe vyembamba zaidi. Kwa sababu ilipunguzwa ikalingana na mabega, boti hiyo ilizunguka Ziwa Viktoria mwaka 1875 na Ziwa Tanganyika mwaka 1876. Ona tofauti. Boti iliyopimwa kwa mzigo na kwa watu waliopo ilifanya kazi, na ile isiyo na wa kuibeba iliachwa nyuma.

Turudi kwa Mwalimu. Nilimwambia kesho yake asubuhi tukutane uani kwake, na alete majivu ya jikoni na futi kamba.

Tulipima. Tukachora kwa majivu boti ya kwanza, urefu futi 14, upana futi 5. Pembeni yake tukachora ya pili, futi 23 kwa 8. Kisha nikamwambia aite familia yote iingie ndani ya ile ndogo. Akaingia yeye, mkewe, mama mkwe aliyekuwa amekuja kuuguzwa, na watoto wanne. Wakakaa kama watu wakaavyo kwenye boti, magoti yakielekea mbele. Kitinda mimba hakupata pa kukaa, akasimama juu ya mstari wa majivu. Bibi yake akamtazama akasema, "Huyu tayari yuko majini."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliufuta ule mchoro kwa mguu wake mwenyewe.

Sasa nikupe hesabu, ndugu yangu, na kama una kalamu karibu ichukue. Kwa boti ndogo za familia ipo kanuni rahisi inayotumiwa Marekani: zidisha urefu kwa upana, kwa futi, kisha gawa kwa 15. Jibu ni idadi ya watu, kila mmoja akikadiriwa kuwa na kilo 68, tena katika maji matulivu. Upana upimwe mahali boti ilipo pana zaidi. Futi 14 mara 5 ni 70. Gawa kwa 15, unapata watu wanne na sehemu. Sehemu ya mtu haipandi boti. Ni wanne.

Familia ya Mwalimu ni saba. Akaniuliza, "Je, nikipata ya futi 18 kwa 6?" Tukapiga hesabu: 108 gawa kwa 15, ni saba. Akafurahi. Nikamwambia asifurahi bado, twende kwenye mizani.

Tukaandika uzito wa kila mtu. Yeye kilo 75, mkewe 70, bibi 55, watoto 60, 45, 30 na 20. Jumla kilo 355. Kisha mizigo. Gunia la mahindi la kilo 100, maana hakuna anayekwenda ukweni mikono mitupu. Madumu matatu ya petroli ya lita 20 kila moja, yaani kilo 45 hivi. Dumu la maji ya kunywa, kilo 20. Nanga na kamba yake, kilo 15. Jumla ya mizigo kilo 180. Ukiunganisha na watu unapata kilo 535. Boti ya futi 18 kwa 6, kwa hesabu ya watu saba wa kilo 68, inakupa kilo 476. Tumezidi kwa kilo 59, na hapo upepo bado haujavuma.

Utaona kosa linapoingilia. Watu wengi wanahesabu vichwa, hawahesabu magunia. Lakini boti haijui kutofautisha mtu na gunia. Wahenga walisema, ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ni kule chini kabisa ndani ya chombo, maji yanakojikusanya na mzigo unakolala. Unaweza kutembea mbele na nyuma ukisifia boti yako, ila mambo yote huamuliwa ngamani.

Kwa hiyo tulichora boti ya tatu, futi 20 kwa 7. Ni 140, gawa kwa 15, watu tisa, kilo 612. Ukitoa kilo zetu 535, zinabaki 77. Familia ikaingia, bibi akapata mahali pa kunyoosha miguu, kitinda mimba akakaa katikati, gunia likalala chini, na pakabaki nafasi ya mtu mmoja. Mwalimu akasema, "Basi hapo nitampakia shemeji." Nikamwambia, hapana, Mwalimu. Nafasi hiyo tayari ina mwenyewe. Hiyo ni nafasi ya upepo.

Ndugu msikilizaji, Ziwa Tanganyika si bwawa. Lina urefu wa zaidi ya kilomita 650, na kina chake kinafika karibu mita 1,470. Ni la pili kwa kina duniani, baada ya Ziwa Baikal kule Urusi. Limelala kutoka kaskazini hadi kusini, na kiangazi, kuanzia Mei hadi Agosti, upepo wa kusini hulifuata kwa urefu wake, ukipata nafasi ndefu ya kuyainua mawimbi. Mawimbi ya ziwa huwa mafupi, yamefuatana karibu karibu. Boti haijamaliza kupanda la kwanza, la pili limeshafika. Hapo kinachokuokoa ni ubavu wa boti ulio juu ya maji.

Mimi mwenyewe niliwahi kupanda boti moja ya abiria, zamani nikiwa kijana, ikiwa imejaa hadi watu wamekaa juu ya magunia. Nilikaa ukingoni. Niliuteremsha mkono wangu nje, bila kuinama, vidole vikaingia majini. Kutoka ukingo wa boti hadi ziwa palikuwa pafupi kuliko kiganja changu. Siku ile ziwa lilikuwa tulivu kama kioo, tukafika salama, watu wakashuka wakiulizana bei ya samaki aina ya mgebuka. Lakini mkono wangu haujasahau. Toka siku ile, nikipanda chombo chochote, kwanza natazama ubavu, ndipo natazama siti. Nawe fanya hivyo. Ukiinunua boti, ipakie mzigo wake wote ikiwa mwaloni, familia ikae ndani, kisha mtu asimame nje apime ubavu uliobaki juu ya maji. Ukiona unapungua kiasi cha kukutia mashaka, mashaka yako ni ya kweli. Shusha mzigo.

Sasa utaniuliza, kama nafasi ni usalama, kwa nini Mwalimu asichukue ile ya futi 23 inayopendwa na moyo wake? Kwa hesabu yetu inabeba watu 12. Nina sababu tatu.

Ya kwanza ni mashine. Boti ya futi 20 yenye familia na mizigo inasukumwa vizuri na mashine ya farasi 40. Mashine hiyo ina kilo 70 na ushee, yaani mizigo ya wapagazi wawili kamili. Nasema hivyo kwa sababu mialoni mingi mwenye boti hufungua mashine yake jioni na kuipeleka nyumbani, maana ikibaki majini usiku inaweza isionekane asubuhi. Mwalimu na kijana wake mkubwa wataibeba ile ya 40. Boti ya futi 23 itataka farasi 60 au zaidi, na hiyo inafika kilo 100. Nani ataibeba kila siku? Itaachwa, na ikiachwa itaibwa.

Ya pili ni mafuta. Mashine ya farasi 40, ya aina inayochanganywa oili na petroli, ukiifungua yote inakunywa zaidi ya lita 15 kwa saa. Ukienda kwa mwendo wa kiasi inapungua. Watu wa majini wana kanuni ya mafungu matatu: fungu moja la kwenda, moja la kurudi, moja la dharura. Ndiyo maana tuliandika madumu matatu. Mashine kubwa inataka madumu matano au sita, na mstaafu anayelipia madumu sita kila safari, siku moja atajidanganya kwamba manne yanatosha. Boti iliyoishiwa mafuta katikati ya ziwa ni ubao tu unaokwenda utakako upepo.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na inatuhusu sisi kwa desturi zetu. Sisi hatujui kumkatalia mtu. Ukiwa mwaloni na boti ya nafasi 12, na familia yako ni saba, atakuja shangazi. Atakuja jirani mwenye mgonjwa. Atakuja mtu na kuku wake na shuka lake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kila unaokuja utauona mwepesi. Nafasi tano zitajaa, halafu patakuwa na wa 13, na wa 15, na wewe utaona haya kusema hapana mbele za watu. Boti kubwa kuliko haja ya familia hugeuka kuwa boti ya abiria isiyo na kibali, na baba wa watu anakuwa nahodha wa roho za wenzake bila kujiandaa.

Nchi hii imelia vya kutosha kwa jambo hilo. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imezidiwa, mamia ya watu wakapotea. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na kisiwa cha Ukara, watu wakikiona kutoka nchi kavu. Kivuko kile kilipangiwa kubeba watu 101. Waliofariki peke yao walizidi 220. Ifikirie hesabu hiyo polepole, ndugu yangu: waliokufa walikuwa zaidi ya mara mbili ya waliotakiwa kupanda. Kila mmoja wao aliona nafasi yake ni moja tu. Hivyo vilikuwa vyombo vikubwa vya chuma. Boti ya familia haisamehi hata kidogo.

Basi nikufungie hesabu ya ukubwa kwa kifupi. Kama mko wawili au watatu na safari zenu ni za kufuata ukingo, futi 14 na mashine ya farasi 15 inatosha, na mashine hiyo haizidi sana mzigo wa mpagazi mmoja. Kama mko wanne au watano, tafuta futi 16 hadi 18. Kama mko sita au saba na mnasafiri na mizigo, nenda futi 20, iwe pana, isiwe nyembamba. Ukivuka hapo hiyo ni kazi nyingine, yenye nahodha aliyesomea na wasaidizi wake. Kila mara piga hesabu ya mzigo kamili, kisha ongeza nafasi ya mtu mmoja au wawili uiachie upepo.

Na kabla ya kulipa, mambo mawili. Nenda na fundi boti wa mwalo ule ule, si wa mjini. Atagonga mbao, atatazama kalafati kama imekauka, atakwambia boti hiyo inakaaje kwenye wimbi la kule. Kisha nenda TASAC, ambao ndio wenye dhamana ya usalama wa vyombo vya majini, chombo kikaguliwe na kusajiliwa. Usione ni usumbufu. Jicho la mkaguzi halina mapenzi na boti yako, ndiyo faida yake.

Majaketi okozi yawe saba kwa watu saba, na ya watoto yawe ya watoto. Jaketi la mtu mzima likivaliwa na mtoto wa miaka mitano, linapanda juu na mtoto anabaki chini. Yavaliwe tangu mwaloni. Nimeona watu wameyakalia kama mito. Jaketi ulilolikalia halikujui.

Mwalimu hakununua ya futi 14 wala ya futi 23. Alisubiri miezi minne, akiba yake ikiwa benki na mkewe akimhimiza, hadi akapata ya mbao, futi 20 kwa 7, na mashine ya farasi 40 ambayo spea zake zinapatikana Kigoma. Siku aliyoichukua alinipigia simu akiwa mwaloni. Aliniambia kwamba kabla hajaishusha majini amenunua kopo dogo la rangi nyeupe, akaandika kwa ndani, kwenye ubavu, mahali ambapo kila anayetaka kupanda lazima apasome: WATU 7. Shangazi mmoja ameshakuja na kuku wake. Ameonyeshwa maandishi, amesoma, akasubiri boti ya abiria. Hawakugombana.

Nawe msikilizaji unayeweka senti zako kwa ajili ya boti ya kwanza, iwe ya ziwani Kigoma, iwe ya Viktoria, iwe ya Nyasa au ya pwani, nakusihi. Kabla hujapanda treni kwenda kuitazama, chukua majivu na futi kamba, ichore uani kwako, uwaketishe watu wako wote ndani na magunia yao. Kama kuna mtoto anayesimama juu ya mstari, boti hiyo si yenu.